Unyanyapaa wa kifafa vijijini Dodoma: kabla hujachapa dodoso, soma hapa

Mleta mada, umesema uko mwaka wa tatu ustawi wa jamii, umepewa kata mbili za Chamwino, unataka kupima unyanyapaa kwa watu wenye kifafa, na msimamizi kakuambia utafute dodoso lililokwisha kuthibitishwa. Dodoso nitalifikia. Kwanza kuna jambo ambalo darasani hupita haraka, lakini kijijini ndilo linaloamua mengine yote: utafiti wako wenyewe unaweza kumtangaza mtu ambaye familia yake imemsitiri miaka kumi.

Pikipiki mbili zinasimama kwenye kaya moja kati ya ishirini. Vijana wana vitambulisho shingoni, mwenyekiti wa kitongoji katangulia mbele. Jioni kisimani wanaulizana, "Pale walifuata nini?" Kama ofisi ya mtendaji mmejitambulisha kuwa ni watu wa utafiti wa kifafa, jibu wameshalipata. Kwa hiyo barua inayopita kwenye ofisi za kata na kijiji iseme "afya ya familia na ushiriki katika jamii", na kila unapoingia kaya yenye mwenye kifafa, ingia pia kaya mbili za jirani zisizo naye. Hizo za jirani zinakupa data ya mtazamo wa jamii, ambayo ungeihitaji vyovyote vile. Hapo hujamdanganya mtu: kamati ya maadili inaiona mada yote, na muhojiwa mnapobaki wawili unamweleza yote wazi kabla hajaweka sahihi au dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua yeye mwenyewe. Mwenyekiti asiwe shahidi. Akishawaonyesha njia, mshukuruni arudi.

Zawadi nayo ni hatari vilevile. Ukimpa mche wa sabuni na kilo ya sukari kwenye mfuko unaoonekana ndani, umemwekea alama hadi mlangoni kwake. Toa kitu kilekile kwa kaya zote, au rudisha nauli kwa bahasha.

Kuhusu vibali, fuata ngazi: kibali cha maadili cha chuo, kisha barua kwa Katibu Tawala, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Beba nakala nane, maana kila ofisi itataka kubaki na yake. Mpitie afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mapema, kwa kuwa ndiye utakayempelekea kesi ukikuta mtoto kafungwa kamba ndani.

Msimu upange vizuri. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na wakati huo watu wako shambani tangu alfajiri na makorongo yanakata njia. Juni hadi Septemba ndiyo nafasi yako. Siku ya mnada usipange usaili, hutamkuta mtu. Na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", kabla ya Kiswahili inafungua mlango kuliko barua yenye mhuri.

Namna ya kuwapata wahojiwa: ukichukua majina ya kliniki peke yake, utapima unyanyapaa wa wale walioushinda kiasi cha kutoka nje. Waliofichwa hawamo kwenye daftari. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanawajua, ila usiwaombe orodha. Waombe wao wakaulize familia kwanza kama ingependa kuonana na wewe, na anayekataa jina lake lisikufikie kabisa.

Sasa dodoso. Kwa kifafa lipo la Kilifi, Kenya: maswali 15, kila moja alama 0, 1 au 2, jumla 30. Limetengenezwa Afrika Mashariki na ni fupi, kwa hiyo ningeanzia hapo. Ukitaka kupima kutengwa kwa jumla, Kipimo cha Ushiriki, kilichoanza na watu wenye ukoma na ulemavu, kina maswali 18, alama 0 hadi 90, na alama 12 kushuka chini huhesabiwa kuwa hakuna kizuizi kikubwa. Uzuri wake ni kwamba kinamlinganisha mtu na mwenzake wa umri na maisha kama yake, ila asiye na ugonjwa huo. Mjane wa miaka 60 mlinganishe na mjane wa miaka 60, si na binti yake. Wasaili wengi husahau hilo kufikia swali la tano na alama zote zinaharibika.

Usiyachukue maswali hivyohivyo. Kiswahili cha pwani na cha Chamwino havifanani, na kwa wazee itabidi uingie Kigogo. Mtu mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona maswali ya asili airudishe tafsiri kwenye lugha ya awali, kisha keti na watu wanane hadi kumi, uwaulize: "Umenielewa nimeuliza nini?" Hapo ndipo utagundua kwamba wengine "kifafa" wanakichanganya na degedege la watoto, na wengine wanakiita tu "kuanguka". Epuka swali lenye kukanusha mara mbili. Ngazi za "nakubali kiasi" huzaa "ndiyo" mfululizo kwa kumheshimu mgeni, kwa hiyo weka punje za mahindi mezani: hakuna punje ni hapana, moja ni mara chache, mbili ni mara nyingi. Mkono wake ukichagua, heshima kwa mgeni haimsukumi sana.

Swali la moja kwa moja, "Je, unatengwa?", hupata "hapana" karibu kila mara, tena mbele ya mama mkwe. Uliza mambo ya jana. Jana usiku ugali ulikula sahani moja na nani? Kikombe chako kinakaa wapi? Kuna kaya utakuta vikombe vimefunikwa pamoja kwenye kichanja, na kimoja kimefungwa uzi mweusi kwenye mkono wake, kinaning'inia msumari wa peke yake. Uzi huo unatokana na imani kwamba mate, mkojo au hata ushuzi wa aliyeanguka huambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa kugusana. Lakini imani hiyo ndiyo inayofanya mtu aangukie mafiga na watu wakasimama wakitazama, kwa hiyo makovu ya moto yawe na swali lake: siku ile nani alikuwepo, na alifanya nini?

Hapa wengi wanakosea tafsiri. Mama anayemzuia mwanawe kupika na kuteka maji, dodoso litamhesabu anamtenga, kumbe anamkinga na moto na kisima. Kwa kila kizuizi ongeza maswali mawili: nani aliamua, na kwa nini? Vilevile dawa zikiisha zahanati, mtu huanguka tena baada ya miezi ya utulivu na majirani wanasema dawa za hospitali zimeshindwa. Andika tarehe dawa ilipokosekana. Usipoandika utailaumu jamii kwa kosa la ghala.

Majadiliano ya kikundi yawe ya watu sita hadi wanane, wanawake peke yao na wanaume peke yao, bila viongozi. Usiulize habari za mtu binafsi, maana siri ya kikundi huwezi kuiahidi. Tumia kisa cha kutunga: mtoto wa darasa la nne ameanguka mstarini, mwalimu afanye nini?

Wafundishe wasaili huduma ya kwanza kabla ya dodoso, kwa sababu mtu anaweza kuanguka katikati ya usaili. Angalia saa, ondoa vitu vya hatari, weka nguo laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu. Usimkandamize, usimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano, ni kituo cha afya. Na wasaili wanaomgusa bila woga wanatazamwa na kijiji kizima.

Majina yakae daftari moja, majibu jingine, yaunganishwe kwa namba. Picha usipige. Kwenye ripoti, "mwalimu wa kike mwenye kifafa, kijiji fulani" ni jina kamili hata bila jina, kwa hiyo changanya vijiji na ondoa kazi yake.

Mrejesho anza na wenye kifafa na familia zao, faraghani, kabla ya mkutano wa kijiji. Wasomee sentensi utakazozisema. Wakisema hii iondoe, iondoe. Kwenye mkutano njoo na mganga wa zahanati, aeleze kwamba hadi watu 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzimeza kila siku, na kwamba hazikatishwi ghafla. Maswali ya "vipi kuhusu fulani" mkatie hapohapo, kwa upole, na mwenyekiti awe ameshajua kwamba utafanya hivyo.