Mpangaji halipi, na kufuli nimeshanunua

Mmeuliza wiki hii: mpangaji halipi na hataki kuhama, mwenye nyumba afanyeje? Mimi nina nyumba ya Kiswahili hapa Majengo, Mombasa, vyumba sita na ukumbi katikati, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Nitajibu kwa yaliyonifika.

Chumba cha mwisho, karibu na uwani, alikaa kibarua wa bandarini na mkewe na mtoto wao. Kodi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza akaniambia, "Mama, kazi hakuna," nikaona haya kumdai. Wa pili pia nikanyamaza. Wa tatu nikapandwa na hasira, nikatia kufuli mlangoni wakiwa wametoka. Alasiri mtoto akarudi skuli. Akaliangalia lile kufuli, hakulia wala hakuniuliza kitu. Aliketi sakafuni, akatoa daftari, akaanza kufanya hesabu zake kwa mwanga unaoingia mlango wa mbele. Magharibi haijaadhiniwa nilikuwa nimeshafungua.

Baadaye kijana wa jirani, karani wa wakili, akanieleza nilivyojiponza. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi inalindwa na sheria ya Kenya ya kodi za nyumba, Sura ya 296, na ina baraza lake la kuamua mashauri. Humtoi mtu bila amri ya baraza hilo. Kung'oa mlango au kumkatia maji na stima ili ahame mwenyewe ni kosa, hata kama anadaiwa mwaka mzima. Kodi ikizidi hapo, mambo ni ya mahakamani, na huko pia kufuli halikubaliki. Dalali wa kutekeleza amri naye awe na leseni. Msiokote vijana wa maskani mkawaita madalali.

Basi nikamwita yule baba, tukakaa barazani na mzee wa mtaa. Deni lilikuwa 7,500. Tukaandika 500 kila Jumamosi, kodi ya mwezi mbali, tukatia sahihi sote watatu. Zilikwenda wiki 15. Jumamosi nyingine mkewe alileta sarafu zimefungwa kwenye pembe ya leso, na nilizihesabu mbele yake nikamkatia risiti.

Kwa hiyo wenzangu, tarehe 5 ikipita nenda kabisha hodi siku hiyo hiyo, msisubiri mwezi wa tatu kama mimi. Risiti mkate hata kwa pesa iliyotumwa kwa M-Pesa.

Yuko pia mwenye nazo asiyetaka kutoa. Huyo nimempata mara moja. Mwandikie notisi, ibaki nakala yenye sahihi yake, akikataa kutia sahihi awepo shahidi, kisha peleka shauri kwenye lile baraza la kodi. Ni kazi ndefu, nenda rudi, nauli juu yako. Na kama ni duka lisilo na mkataba wa maandishi, au mkataba wake hauzidi miaka 5, notisi ni ya miezi 2 kwa fomu maalumu, na baraza lake ni jingine. Karatasi ya kawaida huko hairudishi duka.