Kabla ya kuomba fedha za mashine, chambua data ya wengine

Watafiti chipukizi wa sayansi ya neva wanaponiomba ushauri, wengi huanza kwa kunieleza wasichokuwa nacho: mashine ya MRI ya kupiga picha za ubongo, panya wa maabara, darubini, na fedha za kuvipata vyote hivyo. Mimi huwauliza kwanza ni swali gani wanalotaka kulijibu, kwa sababu mara nyingi data inayoweza kulijibu, au walau kulisogeza mbele, ilishakusanywa na kuwekwa hadharani. Taasisi ya Allen ya mjini Seattle ilikamilisha mwaka 2006 atlasi inayoonyesha jeni zinavyofanya kazi katika sehemu mbalimbali za ubongo wa panya, na mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Ziko pia hazina za mtandaoni: OpenNeuro hutunza skani za MRI na rekodi za EEG, yaani za umeme wa ubongo unaopimwa juu ya kichwa, DANDI hutunza rekodi za umeme wa seli za neva, na NeuroMorpho.Org hutunza maumbo ya seli zenyewe.

Ushauri wangu ni kwamba usipakue chochote kabla hujasoma maelezo yanayoambatana na data. Tazama washiriki walipatikanaje, nani waliondolewa na kwa sababu gani, na masharti ya matumizi yanasemaje. Data nyingi za OpenNeuro zimetolewa chini ya leseni ya CC0, yaani karibu bila sharti, ilhali UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza, hudai maombi rasmi na ada, na hukukataza kujaribu kuwatambua washiriki. Mfumo wa BIDS, uliochapishwa mwaka 2016, umerahisisha mambo sana kwa kuweka utaratibu mmoja wa kuyapa mafaili majina na maelezo, kiasi kwamba programu kama fMRIPrep huweza kuandaa skani za maabara yoyote iliyoufuata. Hata hivyo, programu ya kukagua BIDS itakuhakikishia tu kwamba mafaili yamepangwa sawasawa. Haitakuambia kwamba mshiriki alisinzia ndani ya mashine.

Ukishaielewa data, jaribu kwanza kurudia tokeo moja lililokwisha kuchapishwa kutokana nayo, kabla ya kuingiza swali lako. Kazi hii haina sifa, na wasimamizi wengine huiona ni kupoteza muda, lakini mimi sijaona njia nyingine inayofundisha uchambuzi kwa undani kama huo. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambamo timu 70 zilipewa data ileile ya MRI na nadharia tete 9 za kupima: hakuna timu mbili zilizofuata hatua zinazofanana kabisa, na kwa baadhi ya nadharia hizo tete majibu yalitofautiana waziwazi. Kwa hiyo andika kila uamuzi unaoufanya, hata ule unaouona mdogo, kama vile kiwango cha kulainisha picha au cha kumwondoa mshiriki aliyetikisa kichwa, na uufanye kabla hujayaona matokeo.

Kuhusu mafunzo, video pekee hazinitoshelezi. Kozi ya Neuromatch, iliyoanza mwaka 2020 wakati janga la korona lilipozuia mafunzo ya ana kwa ana, ilifanya jambo la busara kwa kuwaweka wanafunzi katika vikundi vidogo vyenye mkufunzi msaidizi, wakiandika programu za Python pamoja. Masomo yake yako wazi kwa wote, kwa hiyo hata aliyekosa nafasi anaweza kuwakusanya wenzake wachache wakayapitia kwa ratiba yao. Shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, nalo huandaa shule za muda mfupi. Ukiiombea nafasi, eleza data utakayokwenda kuichambua, maana mwenye tatizo mahususi ndiye anayejua la kumwuliza mkufunzi.

Ukichapisha, taja nambari ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha data mtandaoni, pamoja na toleo la data ulilotumia, kwa kuwa seti za OpenNeuro husahihishwa na kupewa matoleo mapya. Ukikuta kosa ndani yake, waandikie waliozikusanya.