Sikuwahi Kuonja Pombe, Ini Langu Likajaa Mafuta

Juzi usiku dada mmoja wa Jinja aliniandikia. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa kama nilivyokuwa mimi, mtu wa swala tano, na amepimwa akaambiwa ini lake lina mafuta. "Watu wa kwao wanasema anakunywa huko njiani. Mimi nimwamini nani?" Ujumbe huo nimeusoma mara nne na kila mara kifua kimenibana, kwa sababu mwaka juzi swali hilo hilo liliulizwa sebuleni kwangu, hapa Arua, mbele ya watoto wangu.

Dada yangu, mwamini mumeo. Sababu ninayo, na ni ndefu kidogo.

Nimeendesha lori miaka kumi na tisa. Malaba, Kampala, Karuma, Elegu, mpaka Juba, kisha kugeuza. Ukinasa kwenye foleni ya mpakani Malaba siku mbili, huna kazi isipokuwa kukaa na kula. Asubuhi rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, mchana chipsi na kuku, usiku chochote kilichobaki kwenye sufuria ya mama lishe. Na soda. Wenzangu walitafuna mairungi ili wasisinzie, mimi nikajiona nimejihifadhi kwa kunywa soda. Utingo wangu alikuwa akipanga kreti nyuma ya kiti tukiondoka Kampala, na tukifika Elegu chupa zote ni tupu.

Ini halikuniuma hata siku moja. Hospitali nilikwenda kwa ajili ya presha, daktari akaagiza na picha ya ultrasaundi. Mpimaji akanipaka ile jeli ya baridi chini ya mbavu za kulia, akasogeza kifaa chake huku na huku, akanyamaza. Kisha akanigeuzia skrini. Figo ilikuwa nyeusi, na ini pembeni yake limekuwa jeupe, linang'aa kama barabara yenye ukungu taa zinapoipiga. "Weupe huu wote ni mafuta, mzee."

Chumba cha pili ndicho kilichoniumiza. Daktari hakuinua macho. "Unakunywa kiasi gani?" Nikasema sinywi. "Hata waragi kidogo, safarini?" Nikasema sijawahi kuonja. Akaandika, akauliza mara ya tatu kwa maneno mengine, kama askari anayemhoji mtu aliyekwisha kumhukumu. Shemeji yangu alikuwa amenisindikiza, ameketi pale pale. Kufikia magharibi ukoo mzima ulikuwa na habari. Mke wangu alihamia chumba cha watoto, na sikumlaumu, maana neno la daktari ni zito.

Aliyeniokoa ni binti yangu anayesoma uuguzi Kampala. Alikuja likizo, akaniketisha uani na daftari lake, akasema, "Baba, si wewe wa kwanza kutoaminiwa." Mengi ninayoandika hapa nilianza kuyasikia siku ile, mengine nimeyatafuta mwenyewe kwa sababu sikuweza kulala bila kuyajua.

Mwaka 1836 daktari Thomas Addison wa Guy's Hospital, London, aliandika kuhusu ini lililojaa mafuta, akalihusisha na ulevi. Tangu hapo mafuta ya ini na chupa ya pombe vikashikana. Daktari akiliona ini la namna hiyo, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye glasi.

Mwaka 1952, Marekani, daktari Samuel Zelman alichunguza maini ya watu wanene wasio walevi, akakuta mafuta na uharibifu. Kilichomwamsha ni mhudumu mmoja wa hospitali, mtu mnene, aliyekuwa akinywa zaidi ya chupa ishirini za soda kwa siku. Binti yangu aliposoma mstari huo nilimwambia aishie hapo kwanza. Nilinyanyuka, nikaenda kwenye lori, nikashusha kreti zote mbili zilizokuwa nyuma ya kiti, nikazihesabu chupa tupu moja moja mpaka arobaini na nane. Zilikuwa za safari moja, ya siku tano. Hazifiki za yule mhudumu, lakini njia yetu ilikuwa moja. Sukari ya soda ikizidi, ini huigeuza mafuta.

Bado dunia haikusikiliza sana. Ilipofika 1980, daktari Jurgen Ludwig na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 20 ambao maini yao, chini ya darubini, yalifanana kabisa na ya walevi, na wao si walevi. Wengi wao walikuwa wanene, tena wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Ludwig aliandika waziwazi kwamba huu ni ugonjwa ambao haukuwa na jina, naye akaupa jina: uvimbe wa ini lenye mafuta usiotokana na pombe. Toka 1836 mpaka 1980 ni miaka 144. Huwa nawaza ni watu wangapi katika miaka hiyo walisema "sinywi" na wakazikwa wakiitwa walevi wa siri.

Jambo jingine lilinigusa kama Mganda. Hapa hapa Uganda, katika hospitali ya Mulago, Kampala, miongo kadhaa kabla ya Ludwig, madaktari walikuwa wakiona maini yenye mafuta kwa watoto wadogo ambao pombe hawaijui hata kwa harufu. Ilikuwa kwashiorkor, jina ambalo daktari Cicely Williams alilitoa kwenye lugha ya Kiga cha Ghana na kulichapisha mwaka 1935. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Mulago miaka mingi, aliandika kitabu kizima juu yake pamoja na wenzake Davies na Dean mwaka 1954. Mtoto amevimba miguu, nywele zimebadilika rangi, na ini limejaa mafuta kwa sababu chakula chake hakina protini ya kutosha, na ini linahitaji protini ili kuyatoa mafuta liyapeleke mwilini. Dereva yeyote anaelewa: mzigo umefika yadi, hakuna karatasi za kuutoa, malori yanarundikana. Kwangu mimi karatasi zilikuwapo, mizigo ndiyo iliyoingia kupita kiasi. Yadi zote mbili zimejaa, na pombe haimo kwa mtoto wala kwangu.

Jina lilibadilishwa tena mwaka 2023, wataalamu wa nchi nyingi walipokubaliana kuliondoa neno la pombe na kuuita kwa chanzo chake, yaani kasoro za umetaboli, jinsi mwili unavyotumia chakula. Sasa wanatazama uzito au kiuno, sukari, presha na mafuta ya damu. Mimi nilikuwa na kitambi na presha. Kama yule daktari angenitazama mkanda kabla ya kuniuliza waragi, nyumba yangu ingepona mwezi mzima wa kununiana.

Basi sikiliza, dada, na nyinyi madereva sikilizeni. Acheni soda. Sisemi mpunguze, acheni, kunyweni maji. Mimi nilikuwa na kilo 104, leo nina 93, imenichukua miezi kumi na minne, na nimefika hapo kwa maji, kwa kutembea nikizunguka foleni ya Malaba badala ya kulala kwenye kebini, na kwa kuacha chipsi. Madaktari husema ukipunguza sehemu ya kumi ya uzito wako, hata makovu ya ini yanaweza kuanza kurudi nyuma. Msinunue zile chupa za mitishamba ya "kusafisha ini" kwenye paki za mabasi. Nilitoa shilingi 80,000 nikiwa na hofu, nikapata kuharisha tu. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu kuidhinishwa Marekani ilitoka mwaka 2024 tu, sasa yule muuzaji wa paki yake aliipata wapi? Pimeni na homa ya ini aina ya B, maana ini moja linaweza kubeba maradhi mawili. Na soda, narudia, acheni.

Dada, mumeo akienda tena kliniki nenda naye. Andikeni kwenye karatasi kila anachokula na kunywa safari nzima, hata peremende, mumpe daktari kabla hajauliza swali lake.

Mwezi uliopita nilipiga picha nyingine. Ini na figo vimekaribia kuwa rangi moja. Nilitoka hospitali moja kwa moja mpaka kwa shemeji, nikaweka karatasi juu ya meza yake. Aliitazama, akasema, "Sawa, shemeji, hongera," akaanza habari za bei ya mahindi. Nilingoja mpaka chai ikaisha. Neno ninalomdai bado hajalitoa.