Unavyojiona na wanavyokuona

Umeuliza kama mtu akijaza dodoso la tabia yake na rafiki akamjazia pia, majibu yatafanana. Yanafanana kiasi, ila zile tofauti ndo tamu. Mwanasaikolojia Jüri Allik wa Estonia na wenzake mwaka 2010 walichambua data za tamaduni 29 wakakuta mtindo unaojirudia, mtu anajiona ana wasiwasi mwingi kuliko wengine wanavyomwona, halafu wao wanamwona makini na mchapakazi kuliko anavyojipa mwenyewe. Mi naona inaeleweka kabisa, ile hofu ya saa nane usiku unageukageuka kitandani nani anaiona? Asubuhi wanakuona tu umewahi kazini na ripoti mkononi. Uchangamfu ndo hamtabishana sana, huo uko njenje.