Sukari iko juu, vitamini D iko chini: mzee wako umfanyie nini?

Wanaume wengi wa rika la baba yangu, waliopita miaka 65, wanarudi kutoka maabara za hapa Nairobi na majibu mawili: sukari juu, vitamini D chini. Kisha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mtu anasema vitamini D hushusha sukari. Nimeona wazee wakiacha metformini, dawa ya kushusha sukari, kwa sababu ya maneno hayo, na inaniuma.

Ni kweli wenye kisukari cha aina ya pili mara nyingi hupatikana na upungufu wa vitamini D. Lakini haya mawili kuandamana si kusema moja limezaa jingine. Kitambi huchangia yote: mafuta ya mwili hushikilia vitamini D isifike ya kutosha kwenye damu, na huizuia insulini, homoni inayoshusha sukari, kufanya kazi yake. Marekani walifuatilia watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, baadhi wakimeza uniti 4,000 za vitamini D kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Majibu yalitoka 2019: tofauti ilikuwa ndogo, haikutosha kuthibitisha kwamba vidonge hivyo vinakinga.

Mtasema jua tunalo, ikweta hiyo hapo. Baba alikuwa akiketi asubuhi nyuma ya dirisha la sebule, sweta mwilini, kofia ya sufu kichwani, gazeti magotini, akiota jua. Joto lilimfikia, ila kioo huzuia miale ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D. Tena ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi, ya mzee hutengeneza kidogo kuliko ya kijana, na Julai yetu ni mawingu matupu.

Sasa saa nne tunatoka, mikono ya shati imekunjwa, tunazunguka mtaa taratibu. Kwangu mwendo huo una thamani kuliko jua lenyewe, maana misuli ikifanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu. Ugali tumepunguza, mboga na omena tumeongeza. Vidonge vya vitamini D anameza pia, kwa kuwa kipimo chake kilikuwa chini ya nanogramu 20 kwa mililita, yaani upungufu, na daktari akamwandikia, kwa ajili ya mifupa.

Usimnunulie dozi kubwa dukani kwa kukisia. Ikizidi mno, kalsiamu hupanda kwenye damu na figo huumia, na figo za mwenye kisukari tayari ziko hatarini.

Kama pesa inatosha kipimo kimoja tu, lipia HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Kati ya 5.7 na 6.4 yuko ukingoni, na hapo kutembea na kupunguza kitambi kunaweza kumrudisha. Kama tayari ameandikiwa metformini, asiiache mpaka daktari aseme.