Kuacha kazi ukiwa bado kwenye majaribio

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuondoka kesho kwa kuwa una wiki chache tu kazini. Upya wa kazi peke yake haukuondolei notisi, yaani taarifa ya mapema kwamba unaacha kazi. Fungua mkataba, soma kipengele cha muda wa majaribio. Mara nyingi notisi yake ni fupi, pengine siku 7 tu. Mkataba ukiwa kimya, fuata sheria ya kazi ya nchi yako.

Tafadhali usitoroke, mwajiri anaweza kukudai mshahara wa siku za notisi ambazo hukuzitumikia. Andika barua yenye tarehe ya siku yako ya mwisho, na nakala yako isainiwe kuwa imepokelewa, maana kwa kawaida notisi huhesabiwa tangu hapo. Una haraka? Omba wakupunguzie siku, wakubali kwa maandishi.