Anagawa kila kitu: ni wema au ni woga?

Swali: Mwanangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Akiombwa penseli anatoa, akiombwa andazi anatoa, kisha anarudi nyumbani na njaa. Mwalimu wake anasema ana akili ya hisia kuliko wenzake. Je, wema na akili ya hisia ni kitu kimoja? (Mama, Morogoro)

Jibu: Hapana mama, ni vitu viwili, ingawa vinalishana. Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani walioandika juu ya akili ya hisia mwaka 1990, walizungumzia uwezo: kutambua hisia zako na za mwenzako, na kuzitawala. Wema ni kile unachoamua kufanya baada ya hapo. Kuna mtoto anayesoma sura za wenzake vizuri mno, kisha anawachokoza palepale panapouma. Mwingine, pengine wako, anatoa bila kujua yeye mwenyewe anajisikiaje.

Mwaka 1997 watafiti Betty Repacholi na Alison Gopnik walichapisha jaribio ninalolipenda sana. Mtafiti alionja biskuti mbele ya mtoto akakunja uso, akaonja mboga ya brokoli, mbichi, akafurahi, kisha akanyoosha mkono kuomba. Watoto wa miezi 14 waliotoa walimpa biskuti, maana ndizo wazipendazo wao. Wa miezi 18, wengi walimpa brokoli. Hawa walikuwa wameanza kumwona anayepewa.

Kwa mwanao, angalia uso wake anapotoa. Naletewa watoto wanaosifiwa "mpole, ana roho nzuri". Ukikaa nao mkekani ukawauliza ingekuwaje wangekataa, jibu linatoka kwa sauti ndogo: "Hatacheza na mimi tena." Hiyo ni hofu, na sisi watu wazima tunaipigia makofi.

Jioni mnapofungua begi, usiulize "kwa nini umetoa?", atajitetea. Uliza: "Alipokuomba andazi, ulijisikiaje?" Akikwama, mpe maneno: hofu, aibu, huruma, kinyongo, furaha. Kisha chezeni: wewe uwe mwenzake, uombe, naye ajaribu kusema "leo nakupa nusu" au "leo hapana, nina njaa". Mara ya kwanza atanong'ona. Rudieni kesho.

Akitoa kwa moyo, usimlipe pipi. Watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kila waliposaidia walikuja kusaidia mara chache kuliko wasiopewa. Mwonyeshe tu alichokifanya: "Umeona alivyonyamaza kulia ulipompa penseli?"

Mwombe mwalimu apumzike kumsifu mbele ya darasa. Na kama andazi linaombwa na mtoto yuleyule kila siku, huenda mwanao anatishwa. Nenda shuleni wiki hii, usingoje kikao cha wazazi.